Sifuri si 'hakuna': Mbona kompyuta inakataa uache namba wazi?

Hebu tuanze na apu ya afya. Mhudumu wa afya ya jamii anazunguka mtaani na simu mkononi, nyumba hadi nyumba. Anajaza jina la mtoto, umri wake, halafu swali la mwisho: ana malaria? Jibu ni ndiyo au la, hakuna lingine. Akifika nyumba ya tatu vifaa vya kupimia vimekwisha, kwa hivyo mtoto wa hapo hapimwi. Mhudumu analiruka swali na kubonyeza "hifadhi".

Kompyuta imeandika nini? Katika lugha nyingi za programu, imeandika la. Yaani mtoto huyu hana malaria. Hakuna binadamu aliyesema hivyo, hakuna kipimo kilichofanywa, lakini atakayefungua ripoti ofisini ataona jibu safi kabisa na kulihesabu pamoja na mengine.

Apu hiyo nimeibuni kwa ajili ya mazungumzo yetu tu, ila mtego ulio ndani yake ni wa kweli. Kama unajifunza kuandika programu, iwe ni chuoni ama kwa video za YouTube usiku ukimaliza kazi, utakutana nao kabla mwezi haujaisha. Siku moja utaandika hivi katika Java ama C#:

int umri = null;

Na kompaila, ile programu inayokagua msimbo wako kabla haujaanza kufanya kazi, itakataa katakata. Lakini ukiandika String jina = null; inapita bila kelele. Ukimuuliza mwalimu, mara nyingi utaambiwa kwamba int ni aina ya thamani, na aina za thamani hazipokei null, basi tusonge mbele. Unakariri, unapita mtihani, yameisha. Mimi naona hapo mwanafunzi ananyimwa sehemu tamu zaidi ya somo, kwa sababu jibu lenyewe halihitaji shahada yoyote. Linahitaji kujua kuhesabu.

Matatu iliyojaa

Kwanza tuelewane kuhusu hiyo null, ambayo kuanzia hapa tutaitamka Kiswahili: nuli. Nuli ni njia ya kusema "hapa hakuna kitu". Si sifuri. Salio lako likiwa sifuri, swali limejibiwa: huna hata ndururu. Nuli ni pale ambapo swali lenyewe halijajibiwa, labda kwa sababu mtandao umekatika na salio halijulikani. Kwa mwenye simu, tofauti ya hayo mawili ni tofauti ya kulala na kukesha.

(Kumbe hata neno letu sifuri limetoka kwa Kiarabu sifr, yaani tupu. Wazungu nao walilichukua neno hilohilo, na baada ya safari ndefu likawa zero. Kwa hivyo sifuri ilianza maisha kama utupu, kisha ikapandishwa cheo ikawa namba kama namba nyingine.)

Sasa tazama ndani ya kisanduku kinachoitwa int. Kina biti 32. Biti ni kama swichi ya taa: imewaka ama imezimwa. Swichi mbili zinakupa mipangilio minne. Swichi nane zinakupa 256. Swichi 32 zinakupa mipangilio 4,294,967,296, wala haizidi hata mmoja.

Int ya Java na ya C# inabeba namba kuanzia -2,147,483,648 hadi 2,147,483,647. Toa kalkuleta ya simu uhesabu hizo ni namba ngapi, na usiisahau sifuri katikati. Utapata 4,294,967,296. Kamili. Kila mpangilio una namba yake, kila namba ina mpangilio wake, hakuna kilichobaki.

Ni kama matatu ya abiria 14 iliyojaa hadi kiti cha mwisho, na makanga ameogopa polisi, hataki wa kusimama. Nuli yuko steji, anapunga mkono. Ili apande, lazima mtu ateremke. Nani? Sifuri? Hasi moja? Wote wamelipa nauli. Ukimteremsha yeyote, kuna hesabu mahali fulani itakayomhitaji na kumkosa.

Hiyo ndiyo sababu. Si ukali wa walioiunda lugha, wala si sheria ya kukariri. Kisanduku cha thamani hubeba kitu chenyewe, na biti zote zilizomo zimeshapewa kazi ya kukieleza kitu hicho. Hakuna namna ya kuzipanga ili ziseme "sina jibu".

Ukitaka kuona mambo yalivyo pale ambapo nafasi ipo, kumbuka matokeo ya KCSE. Gredi ni 12, kuanzia A hadi E. Mtahiniwa aliyejisajili kisha asifanye mtihani hapewi E, anawekewa X. E ni jibu: alikaa, akaandika, akapata alichopata. X inasema jibu halipo. Na X inawezekana kwa sababu tu iko nje ya zile gredi 12. Ungetaka kuhifadhi gredi hizo kwa swichi, nne zingekutosha: zinakupa mipangilio 16, gredi zinachukua 12, na X anapata kiti bila kusumbua mtu. Int haina X yake.

Karatasi ya maelekezo

Mbona basi String inakubali? Kwa sababu kisanduku cha String hakijabeba jina lenyewe. Kimebeba anwani ya mahali jina lilipo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Hizi ndizo huitwa aina za rejeo. Fikiria tofauti kati ya pesa taslimu mfukoni na kikaratasi kilichoandikwa pesa zilikofichwa. Pesa zilizo mfukoni ni lazima ziwe kiasi fulani, hata kama ni sifuri. Kikaratasi kinaweza kuandikwa "hakuna mahali".

Na kompyuta inaandikaje "hakuna mahali"? Kwa kawaida inaandika anwani sifuri. Mifumo endeshi kama Linux na Windows huiacha sehemu hiyo ya kumbukumbu bila kuiruhusu programu za kawaida kuweka chochote. Ploti namba sifuri haijengwi. Kwa hivyo nuli ana kiti kwenye rejeo kwa sababu mtu alimtengea mapema.

Aliyemtengea anajulikana. Ni Tony Hoare, mwanasayansi wa kompyuta wa Uingereza, yuleyule aliyebuni njia maarufu ya kupanga data inayoitwa Quicksort na kushinda Tuzo ya Turing mwaka 1980. Mnamo 1965, akiunda mfumo wa rejeo wa lugha iliyoitwa ALGOL W, aliongeza rejeo la nuli. Mwaka 2009, kwenye kongamano jijini London, alisema hilo lilikuwa kosa lake la dola bilioni moja, na kwamba aliliweka kwa sababu tu lilikuwa rahisi mno kuweka.

Hasara inatoka wapi? Inatoka pale ambapo programu inachukua kikaratasi, haisomi vizuri, inafunga safari hadi "hakuna mahali". Katika Java utaona maandishi mekundu ya NullPointerException, na kila aliyewahi kuandika Java ameshayaona. Usidhani ni shida ya wanafunzi pekee. Usiku wa Juni 12, 2025, saa tatu kasoro hivi kwa saa za hapa, Spotify, Discord, Snapchat na huduma nyingine chungu nzima zilianza kusuasua duniani kote. Tatizo lilikuwa Google Cloud, ambako nyingi ya huduma hizo zimepanga seva.

Ripoti ya Google yenyewe ilieleza kilichotokea. Sera mpya yenye sehemu zilizoachwa wazi iliingizwa kwenye hifadhidata, na ndani ya sekunde chache ikawa imesambazwa kila pembe ya dunia. Programu inayokagua sera hizo ilipozisoma ilikuta utupu ambao haikutarajia, ikalifuata rejeo la nuli, ikaanguka. Ikajiwasha tena, ikasoma sera ileile, ikaanguka tena. Kipande cha msimbo kilichokosa kinga kilikuwa kimeongezwa Mei 29, wiki mbili tu kabla. Iliwachukua zaidi ya saa saba kumaliza kabisa. Kampuni yenye wahandisi wa kila aina, na fomu iliyoachwa wazi ikaiangusha.

Int haiwezi kukufanyia hivyo. Ukiwa na int mkononi, una namba, kila mara, bila kuuliza. Ukijumlisha, itajumlishika. Ndiyo maana walioziunda lugha hizi hawakuona haya kuzinyima aina za thamani nuli, kwani mlango mmoja wa maafa unafungwa.

Lakini mlango mwingine unafunguliwa.

Uongo usiopiga kelele

Rudi kwa yule mtoto ambaye hakupimwa. Pale hakuna kilichoanguka. Hakuna maandishi mekundu. Kisanduku cha ndiyo au la kisipoguswa huanza kikiwa la, kama vile kisanduku cha namba huanza kikiwa sifuri, na apu ikaendelea na kazi kwa raha zake. Ukiniuliza mimi, kati ya programu inayoanguka mbele yangu na ile inayonidanganya kwa upole, nitachagua inayoanguka. Angalau hiyo utaitafuta hadi uirekebishe.

Wazee wa kompyuta walijaribu kuponya hili kwa kumteremsha abiria mmoja. Wakasema: umri usipojulikana, andika 999. Ama andika hasi moja. Ujanja huo bado uko kila mahali, na unafanya kazi vizuri hadi siku mtu mwingine, asiyejua makubaliano yenu, aje kufanya hesabu.

Chukua chama cha watu watano. Wanne wana miaka 20, 22, 24 na 26, wa tano hakusema umri wake. Wastani wa waliojibu ni 23. Ukimwandikia yule wa tano 999, wastani wa chama unakuwa 218.2, na kila mtu atacheka kisha atafute kosa liko wapi. Ukimwandikia sifuri, wastani unakuwa 18.4. Hapo hakuna atakayecheka. Namba inafanana na ukweli, itaingia kwenye ripoti, itafika benki, na hakuna atakayegundua kwamba chama ambacho mdogo wao ana miaka 20 kimepewa wastani wa 18.4.

Ramani nazo zina kichekesho chao. Apu nyingi zikikosa kujua mtu yuko wapi huandika latitudo sifuri, longitudo sifuri. Hapo ni mahali kweli: ni baharini, katika Ghuba ya Guinea, pale Ikweta inapokutana na mstari wa Greenwich. Hakuna kisiwa, kuna boya la kupimia hali ya hewa tu, lakini watu wa ramani wamepaita Null Island kwa jinsi data zinavyokwenda kuzamia huko. Na huko California mtafiti mmoja wa usalama wa kompyuta alisajili gari lake kwa namba ya NULL, kwa mzaha. Faini za magari ambayo namba zake hazikuwa zimejazwa zikaanza kumfuata yeye, hadi zikapita dola 12,000. Mfumo ulikuwa umelichukua neno la kawaida ukalifanya liwe "hakuna", na neno likapata mwenyewe.

Kulipia kiti cha 15

Dawa ya kweli ni kuacha kumteremsha mtu na kuongeza kiti. Kiti hicho kinalipiwa, na kila lugha imechagua namna yake ya kulipa.

C# ilifanya hivyo mwaka 2005. Ukiandika int? badala ya int, ile alama ya kuuliza inakupa kisanduku chenye vitu viwili: namba yenyewe, na swichi ya kando inayosema kama namba ipo ama haipo. Int pekee ni baiti 4. Ukiongeza baiti moja ya swichi unatarajia 5, sivyo? Zinakuwa 8, kwa sababu kompyuta inapenda namba za baiti nne zikae zimepangika kwenye mafungu ya nne nne, na baiti tatu zinabaki wazi tu. Kwa namba moja, si kitu. Kwa orodha ya namba milioni kumi, umeongeza megabaiti 40 kwa ajili ya kusema "sijui".

Java ilipita njia nyingine. Kando ya int kuna Integer, ambayo ni namba iliyofungiwa ndani ya kitu kingine na kufikiwa kwa rejeo. Kwa kuwa ni rejeo, inapokea nuli. Tangu 2004 Java inakubadilishia yenyewe kati ya hizo mbili, na hapo pana shimo: ukimimina Integer iliyo nuli ndani ya int, programu inaanguka kwa NullPointerException kwenye mstari ambao ukiutazama huoni rejeo lolote.

Kotlin, ambayo Google iliikubali rasmi kwa Android mwaka 2017, imelisambaza wazo la ile alama ya kuuliza kwa kila kitu. Int haipokei nuli, na hata String haipokei. Ukitaka nuli andika Int? ama String?, na kompaila haitakuruhusu kuitumia hadi uonyeshe umekagua kama kuna kitu ndani. Kama unaanza kuunda apu za Android leo, utaona kero hiyo siku ya kwanza. Ivumilie.

Ninayoipenda zaidi ni Rust, kwa sababu inahesabu viti kabla ya kuongeza. Ndiyo au la inatumia mipangilio miwili tu kati ya 256 iliyo kwenye baiti moja. Kwa hivyo ukiiambia Rust kwamba jibu linaweza kukosekana, inachukua mmoja wa ile 254 iliyobaki bure, na kisanduku kinabaki baiti moja vilevile. Lakini ukiiambia hivyo kuhusu namba ya biti 32, haina pa kumkalisha nuli, na kisanduku kinapanda kutoka baiti 4 hadi 8. Matatu yetu ile ile, ila hapa makanga amesoma.

Go imekataa mjadala wote. Kwao kila kitu kisichojazwa huanza na sifuri yake: namba inakuwa 0, maandishi yanakuwa matupu. Ni rahisi, ni haraka, na ukipokea data ambayo mtu hakujaza sehemu ya kiasi alicholipa, utaona 0 na hutajua kama hakulipa ama hakusema. Ukitaka kujua, itabidi uongeze kiti kwa mkono wako.

Msomaji mjanja ameshaniuliza: na hifadhidata je? Si huko hata safu ya namba inapokea NULL? Ndiyo, na nako wanalipa. PostgreSQL, kwa mfano, ikikuta safu yenye NULL huweka kichwani mwa rekodi ile msururu wa biti, moja kwa kila safu, kuonyesha ipi ina kitu na ipi haina. Ukiiomba wastani wa umri wa kile chama, itamruka asiyejulikana na kukupa 23.

Kwa apu yetu ya malaria, basi, ungeweza kuongeza alama ya kuuliza na kupumua. Mimi ningeenda mbele kidogo. Nuli inasema tu kwamba jibu halipo, haisemi kwa nini. Mtoto hakupimwa kwa sababu vifaa viliisha, ama mzazi alikataa, ama hakukuwa na mtu nyumbani? Kwa anayeagiza vifaa vya mwezi ujao, hizo ni habari tatu tofauti. KNEC hilo walilijua: asiyetokea huwekewa X, na ambaye matokeo yake yamefutwa kwa udanganyifu huwekewa Y. Wote hawana gredi, lakini hakuna mzazi atakayekuambia X na Y ni kitu kimoja. Kwa hivyo badala ya ndiyo au la, andika orodha fupi ya majibu yanayowezekana: ana, hana, vifaa vimeisha, amekataa, hakuwepo. Majibu matano. Biti tatu zinatosha, na mitatu bado iko wazi.

Huko Java kwenyewe mambo hayajatulia. Tangu 2014 kuna mradi unaoitwa Project Valhalla, wenye lengo la kukuwezesha kuunda aina zako mwenyewe za thamani. Wahandisi wake waliamua kuyatenganisha maswali mawili ambayo sisi tumezoea kuyafunga pamoja: kitu kuwa thamani ni jambo moja, kukubali nuli ni jambo lingine. Katika mpango wao thamani mpya zitakubali nuli, isipokuwa umeikataza. Lakini biti hazijui siasa. Kompyuta nyingi husoma na kuandika biti 64 kwa mpigo mmoja, na thamani yako ikiwa imezitumia zote 64, ile biti moja ya kusema "hakuna" haina pa kukaa, na inabidi Java irudi kwenye rejeo.